Kula Ushibe, Uzito Upungue: Mbinu za Kuchagua Wanga Unaomeng'enywa Taratibu

Chai yenye vijiko 3 vya sukari na maandazi mawili ndiyo kifungua kinywa cha watu wengi kuanzia Tanga hadi Kisumu. Huliwa saa 1 asubuhi, na ikifika saa 4 tumbo linadai tena. Mtu hununua kitumbua au soda, kisha mchana hufika mezani na njaa kali na kumaliza sahani kubwa ya wali. Anayetaka kupunguza uzito akila hivi hujilaumu kwamba hana nidhamu, kumbe njaa ile imetokana na chakula alichoanza nacho siku. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga milo kwa kuangalia kasi ya wanga kugeuka sukari kwenye damu, kwa kutumia vyakula vya sokoni kwetu, bila kuaga ugali wala wali.

Kipimo chenyewe

Mwaka 1981, Dkt. David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada walichapisha orodha ya vyakula vilivyopangwa kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu. Kipimo hicho ndicho fahirisi ya glaisemia. Watu ambao hawajala tangu usiku hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga, kisha sukari yao hupimwa mara kwa mara kwa muda wa saa 2. Matokeo hulinganishwa na ya glukosi tupu, ambayo hupewa alama 100. Chakula chenye alama 55 au pungufu kimo katika kundi la chini, 56 hadi 69 kundi la kati, na 70 kwenda juu kundi la juu.

Maharage, dengu, choroko na mbaazi kwa kawaida hazivuki 45. Karanga ziko chini ya 20. Maziwa na mtindi usiotiwa sukari huwa kati ya 30 na 40, chungwa na tufaha hukaribia 40, na embe hufika kama 50. Mkate mweupe una takriban 75. Wali hutofautiana sana: mchele wa punje ndefu unaochambuka, kama basmati, huwa katika 50 na kitu, lakini mchele unaoshikana unaweza kuvuka 80.

Wanga wa kundi la juu huvunjwa upesi, glukosi ikajaa kwenye damu, na kongosho likamwaga insulini nyingi ya kuiondoa. Baadhi ya watu sukari yao hushuka hadi chini ya pale ilipoanzia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha King's College London na wenzao, waliofuatilia watu zaidi ya 1,000, walieleza kuwa wale ambao sukari yao ilishuka sana saa 2 hadi 3 baada ya kula walihisi njaa zaidi, wakala mapema zaidi, na wakala zaidi katika siku hiyo. Utafiti huo pia ulionyesha kuwa watu hawafanani: chakula kilekile humtikisa mmoja na kumwacha mwingine salama. Kwa hiyo orodha ya alama ni mwongozo, na mwili wako ndio shahidi.

Mbinu ya 1: Badili umbo la nafaka kabla ya kubadili nafaka

Chukua mahindi. Yakichemshwa yakiwa punje nzima pamoja na maharage, yaani makande, au githeri kwa jirani zetu wa Kenya, utumbo hufanya kazi kubwa kuufikia wanga uliomo ndani ya punje. Yakikobolewa na kusagwa laini kuwa sembe, kazi hiyo imeshafanywa na mashine, na ugali wake humeng'enywa upesi. Dona lina pumba na kiini, kwa hiyo lina nyuzinyuzi na vitamini zaidi na linashibisha kuliko sembe. Lakini nalo limesagwa, na kasi yake haiwezi kuwa sawa na ya punje nzima.

Kwa sababu hiyohiyo, tahadhari na uji. Wengi huamini kwamba uji wa ulezi au wa lishe ni chakula cha polepole kwa kuwa nafaka yake ni nzuri. Nafaka ni nzuri kweli, ila unga uliosagwa laini na kuchemshwa mpaka ukalainika hupandisha sukari haraka, na vijiko vya sukari huongeza tatizo. Ukiupenda, tumia unga uliosagwa kwa chenga, uchachushe au utie ndimu, ule na yai au karanga, na kikombe kimoja kitoshe.

Kanuni yenyewe ni hii: kadiri chakula kinavyokaribia umbo lake la shambani, ndivyo kinavyochelewa kumeng'enywa. Ndizi mbichi ya kupika humeng'enywa polepole kuliko ndizi mbivu iliyoiva sana. Kiazi kitamu cha kuchemsha huwa na alama ya chini kuliko kiazi hichohicho kikiokwa kwa muda mrefu. Chungwa la kutafuna hushibisha kuliko juisi ya machungwa manne.

Mbinu ya 2: Jamii ya kunde kila siku

Kama utafuata shauri moja tu katika makala haya, fuata hili. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu na njugu mawe vina wanga wa polepole, protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na bei yake iko chini ya nyama. Lenga kikombe kimoja cha zilizopikwa kila siku, ukikigawa katika milo miwili.

Kikwazo cha wengi ni mkaa na muda. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa, kisha gawa kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja na ugandishe. Kupika mara moja kwa wiki kunatosha. Asiye na jokofu achague choroko au dengu zilizoparazwa, ambazo huiva upesi, au kunde mbichi za msimu. Tumbo likijaa gesi, anza na nusu kikombe kwa wiki ya kwanza, uongeze taratibu.

Mbinu ya 3: Pima wanga kwa ngumi

Alama ya chini haikupi ruhusa ya kula bila kipimo. Wataalamu hutumia hesabu ya pili, mzigo wa glaisemia: zidisha alama ya chakula kwa gramu za wanga ulizokula, kisha gawanya kwa 100. Mzigo wa 10 au pungufu ni mdogo, wa 20 au zaidi ni mkubwa.

Tikitimaji lina alama ya juu, zaidi ya 70, lakini kipande cha gramu 120 kina gramu 6 hivi za wanga, kwa hiyo mzigo wake ni kama 5. Halina neno. Tuchukue ugali wenye alama 70 na gramu 75 za wanga, kiasi cha mtu mwenye njaa: mzigo ni zaidi ya 52. Ukikata ugali huo nusu, mzigo nao hukatika nusu kabla hujabadilisha kitu kingine chochote.

Nyumbani huhitaji kikokotoo. Gawa sahani: nusu mboga za majani na kachumbari, robo maharage, samaki, yai, kuku au nyama, na robo ugali, wali, ndizi au viazi. Robo hiyo isizidi ngumi yako. Mezani, fanya tonge liwe dogo na mboga iwe nyingi, kinyume cha ilivyozoeleka.

Mbinu ya 4: Wanga usiliwe peke yake

Protini, nyuzinyuzi, mafuta kidogo na uchachu huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo maana kiazi kitamu kikiliwa na yai na kipande cha parachichi humweka mtu mpaka mchana, na kikiliwa na chai ya sukari hakimfikishi. Kamulia ndimu kwenye kachumbari na samaki. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia na mlenda viwe vya kila siku. Ute wa bamia na mlenda nao ni nyuzinyuzi laini zinazopunguza kasi ya sukari.

Zingatia pia unachotanguliza. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, waliwapa watu wachache wenye kisukari cha aina ya 2 mlo uleule kwa mpangilio tofauti. Walipoanza na mboga na kuku, wakamalizia na wanga, sukari ilipanda kidogo kuliko walipoanza na wanga. Kwetu ni rahisi: maliza kibakuli cha mboga au kachumbari na vipande vya kwanza vya samaki kabla hujagusa ugali. Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Mbinu ya 5: Usipike wanga mpaka ulainike mno, na kiporo kina faida yake

Wali uliolowa, tambi zilizolainika na viazi vilivyopondwa humeng'enywa haraka kuliko vilivyoiva vikabaki na ugumu kidogo. Zaidi ya hapo, wanga uliopikwa kisha ukapozwa hujipanga upya, na sehemu yake huwa wanga sugu, ambao hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa. Viazi vya jana au wali wa jana uliopashwa moto hubaki na sehemu ya faida hiyo.

Lakini kiporo cha wali kinahitaji uangalifu. Wali ukilala kwenye sufuria nje ya jokofu, bakteria wanaweza kutengeneza sumu isiyoharibiwa na moto. Utandaze upoe upesi, uingize kwenye jokofu ndani ya saa 1, uule ndani ya siku 1, na uupashe mpaka utoe mvuke kote. Kama huna jokofu, pika kinachotosha mlo mmoja.

Mbinu ya 6: Punguza sukari ya kunywa

Kinywaji kitamu huleta sukari bila kushibisha. Soda nyingi zina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 hubeba kama vijiko 7 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25. Anayekunywa vikombe 3 vya chai vyenye vijiko 3 kila kimoja ameshavuka kiwango hicho kabla hajala andazi.

Usiikate sukari ya chai kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Iliki, tangawizi na mdalasini husaidia chai kuwa na ladha. Asali isikudanganye: nayo ni sukari, na alama yake ni ya kati. Matunda yaliwe mazima, na juisi iwe ya siku moja moja.

Mfano wa siku moja

Saa 1 asubuhi: yai la kuchemsha, kiazi kitamu cha wastani kilichochemshwa na ganda lake, robo ya parachichi, na chai ya maziwa yenye nusu kijiko cha sukari. Au maharage yaliyobaki jana na chapati moja ya ngano isiyokobolewa.

Saa 7 mchana: makande yenye kitunguu, nyanya na karoti, pamoja na mchicha mwingi. Au ugali wa dona wa ngumi moja, dagaa na kisamvu. Malizia na chungwa.

Saa 10 jioni, kama njaa ipo kweli: kikombe cha mtindi usio na sukari, au karanga za kujaza kiganja.

Saa 1 usiku: choroko au mbaazi, kachumbari ya ndimu, samaki wa kuchoma, na wali wa ngumi moja au vipande vya ndizi mbichi za kupika.

Anayekula kwa mama lishe anaweza kuomba wali nusu na maharage mara mbili. Ni ombi la kawaida, na bei hubadilika kidogo tu.

Kwa wanaofunga Ramadhani

Daku ndilo linaloamua saa za mchana zitapitaje. Daku la uji mtamu na mkate huisha mapema. Kunde, yai, mtindi na wali kidogo au chapati ya ngano isiyokobolewa hukaa. Jioni, fungua kwa tende 1 hadi 3 na maji. Kwenye futari za pwani, mihogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi za nazi hukutana kwenye meza moja, na vyote ni wanga. Chagua kimoja kwa siku, kisha jaza sahani kwa mbaazi, samaki na mboga.

Mitego ya kuepuka

Fahirisi hupima kasi ya sukari peke yake. Haipimi nishati wala ubora wa chakula. Aiskrimu ina alama ya chini kwa sababu mafuta yake huchelewesha mmeng'enyo, na hiyo haifanyi iwe chakula cha kupunguza uzito. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zipatazo 120. Karanga gramu 100 zina zaidi ya 500. Mbaazi za nazi ni chakula bora, ila zipikwe kwa tui jepesi na kiasi kidogo cha tui zito mwishoni.

Alama ya juu nayo haimaanishi kuwa chakula ni kibaya. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38 vyenye nishati sawa kwa uwezo wa kushibisha. Viazi mviringo vya kuchemsha, ambavyo alama yake huwa juu, vilishika nafasi ya kwanza. Chipsi, zitokanazo na viazi hivyohivyo, zilikuwa mbali sana nyuma. Viazi vya kuchemsha vya ngumi moja, vikiwa na ganda, maharage na kachumbari, ni mlo mwema.

Nani amuone daktari kwanza

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga, kwa kuwa dozi ileile inaweza kumshusha sukari kupita kiasi. Dalili ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hapo dawa ni sukari ya haraka: glukosi, maji ya sukari au soda ya kawaida. Wala usimpe maharage. Mjamzito, mtoto na mgonjwa wa figo wapangiwe mlo na mtaalamu. Mwenye figo dhaifu anaweza kuwekewa mipaka ya potasiamu na protini, ambazo zimo kwa wingi katika jamii ya kunde.

Utarajie nini

Uzito hushuka pale tu nishati unayokula inapokuwa pungufu ya unayotumia. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalihitimisha kuwa kushusha fahirisi peke yake pengine huleta tofauti ndogo sana au hakuna kabisa katika uzito. Kwa upande mwingine, utafiti wa Diogenes wa mwaka 2010 katika nchi 8 za Ulaya uliwafuata kwa wiki 26 watu waliokwisha kupunguza uzito: waliokula protini zaidi na wanga wa alama ya chini ndio waliofaulu zaidi kuulinda uzito wao mpya, tena wakiruhusiwa kula mpaka washibe. Kwa maoni yangu, funzo lake ni moja: alama za chini zisaidiwe na protini, mboga na kipimo, nazo hukurahisishia kula kidogo bila kuteswa na njaa. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Pima kiuno pamoja na uzito, mara 1 kwa wiki, asubuhi kabla ya kula.

Ili ujue kinachokufaa wewe, fanya jaribio. Kwa siku 3 kula kifungua kinywa chako cha kawaida, uandike saa ambayo njaa imerudi. Siku 3 zinazofuata kula yai, kiazi kitamu na parachichi, uandike tena. Siku 3 nyingine kula maharage na chapati. Linganisha saa hizo, na kile kilichokufikisha mbali zaidi kiwe chako.

Usianze kwa kugeuza jiko zima. Chagua mlo mmoja unaokuletea njaa mapema kuliko mingine, uubadilishe huo kwa wiki 2, kisha uende kwa wa pili. Loweka maharage leo usiku.